Magari ya zamani na minada ya mtandaoni: kinachonunuliwa ni maelezo, na kinachouzwa ni maelezo

MWANZISHA UZI (Unguja)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Maswali ya aina mbili yamekuwa yakirudi hapa mara kwa mara. Wapo wanaotaka kuagiza gari la zamani, iwe ni Land Rover kutoka Uingereza au Datsun kutoka Japani, na wameona linanadiwa mtandaoni kwa bei inayoonekana nafuu. Wapo pia wenye Peugeot au Morris ya marehemu mzee imekaa chini ya mwembe miaka mingi, na sasa amekuja mtu na fedha taslimu mkononi, nao hawajui kama bei ile ni ya haki. Nimeyaweka maswali haya katika uzi mmoja kwa sababu majibu yake yana mzizi mmoja.

Kwenye mnada wa samaki pale Darajani mnunuzi humshika jodari kwa mkono wake, akamfunua matamvua aone kama bado yana wekundu wa damu, akambonyeza ubavu, kisha ndiyo akapandisha dau. Mnada wa mtandaoni umemwondolea mnunuzi haki hiyo yote. Anachopewa ni picha, video, aya kadhaa za maneno na nakala za karatasi, na kwa hiyo kinachonadiwa pale, kwa hakika, ni maelezo ya gari. Gari lenyewe hufika miezi kadhaa baadaye likiwa limeshalipiwa. Anayejua kuyasoma maelezo hununua vizuri, na anayejua kuyaandika huuza vizuri. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Kwanza tuielewe minada yenyewe. Bring a Trailer ya Marekani ilianza mwaka 2007 kama ukurasa wa kuonyesha magari ya kuvutia yaliyotangazwa kwengineko, ikaanza kuendesha minada yake mwaka 2014, na mwaka 2020 ikanunuliwa na kampuni ya Hearst. Cars & Bids, iliyoanzishwa na Doug DeMuro mwaka 2020, imejikita kwenye magari ya kuanzia miaka ya 1980. Uingereza wana Collecting Cars, iliyoanza mwaka 2019. Hata nyumba za mnada zenye majina makubwa, ambazo wateja wake walizoea kuketi ukumbini na kuinua mkono, zilihamia mtandaoni wakati wa korona: mwezi wa Mei 2020 RM Sotheby's waliuza Ferrari Enzo kwa dola milioni 2.64 bila ya ukumbi wowote. Gari hilo halituhusu sisi, lakini lilionyesha kwamba watu wenye fedha wamekubali kununua kitu wasichokigusa.

Minada ya namna hii kwa kawaida hukaa wazi siku saba hivi. Muuzaji huweka picha mia au zaidi, na chini yake kuna sehemu ya maoni ambayo, kwa rai yangu, ina thamani kuliko picha zote. Humo mtu mwenye Peugeot 504 huko Ufaransa ataona kwamba taa za nyuma si za mwaka unaotajwa, na mwengine atauliza kwa nini namba ya injini haikupigwa picha. Muuzaji akijibu kwa uwazi, dau hupanda. Akinyamaza, au akijibu swali jengine lisilokuwa lile aliloulizwa, mnunuzi amekwishapata jibu lake. Nawasihi wanaotaka kununua wasome maoni ya minada iliyokwisha, hata ya magari ambayo hawayataki, kwa sababu matokeo ya minada hiyo huachwa wazi kwa kila mtu na ndiyo skuli ya bure ya kujua bei na kasoro za kila aina ya gari.

Dakika za mwisho zina kanuni yake. Kwenye minada mingi ya magari, mtu akiweka dau saa inapokaribia kufika sifuri, muda huongezwa dakika chache, mbili kwa mfano kwa Bring a Trailer, ili wengine wapate nafasi ya kujibu. Kwa eBay saa ikifika imefika, na ndiyo maana huko watu huvizia sekunde za mwisho. Kwa sisi tulioko huku kuna jambo jengine: mnada unaofungwa saa sita mchana California wakati wao wa kiangazi, kwetu ni saa nne usiku, na minada ya Japani huanza wakati huku watu bado wamelala. Umeme ukikatika au mtandao ukilegea dakika hiyo hakuna wa kumlalamikia. Weka ukomo wako mapema pale mfumo unapokuruhusu, au umwachie mtu unayemwamini akiwa na ukomo ulioandikwa.

Magari mengine huwa na bei ya chini ambayo muuzaji ameificha, na dau lisipoifikia gari haliuzwi. Mengine hayana bei hiyo, na dau lililofikiwa ndiyo bei yake. Usidhani kwamba gari lisilo na bei ya siri litauzwa rahisi; mara nyingi ndilo linalovuta watu wengi zaidi.

Japani ni dunia nyengine kabisa, na kwa kuwa magari yetu mengi yanatoka huko nitakaa hapo kidogo. Minada mikubwa ya Japani, kama ile ya kampuni ya USS, ni ya wanachama tu, yaani wafanyabiashara waliosajiliwa. Wewe na mimi hatuwezi kuingia wenyewe, tunapitia kwa wakala. Kila gari hupita kwa muda usiofika dakika moja, wanunuzi wakibonyeza vitufe, na hakuna sehemu ya maoni wala muuzaji wa kuulizwa. Badala yake kuna karatasi moja ya ukaguzi iliyojazwa na mkaguzi wa mnada, na karatasi hiyo ndiyo maelezo yote uliyonayo.

Ijue karatasi hiyo kabla hujatuma hata senti moja. Juu yake kuna daraja la gari zima, ambalo kwa magari yaliyotumika huonekana kama 5, 4.5, 4, 3.5, 3 na kushuka, na herufi R au RA humaanisha gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Ndani ya gari hupewa herufi yake, A ikiwa ndiyo bora. Kisha kuna mchoro wa gari wenye alama ndogo ndogo: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi ikabaki na mawimbi, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa kasoro, kwa hiyo U1 ni bonyeo dogo na U3 ni kubwa. Alama mbili ambazo mtu wa visiwani hapaswi kuzipita ni S na C. S ni kutu, na C ni kuliwa kwa chuma. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya zama za wafalme wao: kwa zama za Showa unajumlisha 1925, kwa Heisei unajumlisha 1988. Gari lililoandikwa Showa 50 ni la 1975. Wakala akikutumia tafsiri yake bila ya karatasi ya asili, mwambie akutumie ya asili pia.

Uingereza nako kuna hazina ambayo wengi hawaitumii. Magari yao hukaguliwa kila mwaka kwa mujibu wa sheria, na historia ya ukaguzi huo inasomeka bure mtandaoni kwa kutumia namba ya gari. Humo utaona masafa yaliyosomwa mwaka hadi mwaka na maneno ya mkaguzi kuhusu kutu ya chesisi (fremu ya chini inayolibeba gari), breki zinazovuja na kadhalika. Gari linalotangazwa kuwa limetembea kidogo, huku historia ikionyesha namba iliyopanda kisha ikashuka, limejieleza lenyewe. Ila tangu Mei 2018 magari mengi yaliyotimiza miaka 40 yamesamehewa ukaguzi huo, kwa hiyo gari la zamani linaweza kuwa barabarani kihalali bila ya kukaguliwa kwa miaka. Ukiona historia imekatika hapo, taka picha za uvunguni zilizopigwa karibuni, gari likiwa limenyanyuliwa.

Marekani tahadhari yake ni hati ya umiliki. Gari lililofutwa na kampuni ya bima baada ya ajali au mafuriko hupewa hati yenye alama hiyo, na Copart, iliyoanza mwaka 1982, ni miongoni mwa minada mikubwa ya magari kama hayo. Baada ya tufani Katrina ya 2005 na Harvey ya 2017 magari mengi yaliyozama yaliingia sokoni. Maji ya bahari yakishaingia kwenye nyaya na mikunjo ya bodi hayatoki kwa kukaushwa. Na gari la Marekani lina usukani kushoto, wakati sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Kwa njia zetu nyembamba za shamba hilo si jambo dogo, licha ya maswali ya usajili litakayoyaleta.

Sasa dau. Andika ukomo wako kwenye karatasi kabla mnada haujaanza, na ukomo huo uuhesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo: gari likiwa limesimama mbele ya nyumba yako Mwanakwerekwe au Chake likiwa na namba ya Z, yaani limeshasajiliwa Zanzibar, lisizidi fedha gani? Kutoka hapo toa usajili, kodi na ushuru, gharama za bandarini, wakala wa forodha, nauli ya meli, bima ya safari, usafiri wa kulifikisha bandari ya kule, na ada ya mnunuzi ambayo mnada huongeza juu ya dau. Bring a Trailer kwa mfano hutoza asilimia 5, kwa hiyo dau la dola 10,000 ni dola 10,500 kabla gari halijasogea hata hatua. Kinachobaki baada ya kutoa vyote ndicho unachoweza kukinadia. Watu wengi hufanya kinyume: hushinda kwanza, kisha huanza kuulizia nauli.

Wataalamu wa uchumi wameliandika sana jambo linaloitwa laana ya mshindi. Wanunuzi wengi wanapokikadiria kitu ambacho thamani yake haijulikani hasa, anayeshinda huwa ni yule aliyekadiria juu kuliko wote, na mara nyingi amekadiria juu kuliko ukweli. Robert Wilson na Paul Milgrom walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi yao juu ya minada, na jambo hili limo ndani yake. Dawa yake ni kupunguza ukomo wako pale unapojua kidogo. Maelezo yakiwa haba, dau nalo liwe haba.

Kisha kuna najshi, yaani mtu kupandisha bei bila ya nia ya kununua, ili mwengine anaswe. Mtume (S.A.W.) aliikataza, na minada yote yenye heshima inaikataza pia, lakini inatokea. Dalili zake ni akaunti mpya isiyo na historia inayomfuata mnunuzi mmoja hatua kwa hatua, au gari lililouzwa wiki iliyopita kurudi mnadani kwa maelezo yale yale. Ukiona hivyo ondoka. Magari hayajaisha duniani.

Kuhusu malipo nitasema machache lakini yashikeni. Lipa kwa benki, kwa akaunti yenye jina lile lile la kampuni au muuzaji aliyeko kwenye mkataba. Ikija barua pepe inayosema akaunti imebadilika, hata ikiwa na nembo na saini zote, usilipe mpaka umepiga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyomo ndani ya barua hiyo. Wezi huvizia hasa siku mbili tatu baada ya mnada, wakijua kwamba mnunuzi ana haraka.

Kwa wanaouza nitaendelea chini, nikishapata maoni yenu.

FUNDI WA BODI (Unguja)

Wa alaykum salaam, na ahsante kwa uzi huu. Naomba niongeze upande wa chuma, kwa sababu kutu ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Wengi huniletea Land Rover za kale wakisema hazishiki kutu kwa kuwa bodi ni ya alumini. Bodi kweli ni ya alumini. Gari lile lilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana wakatumia alumini. Lakini chesisi ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma. Zaidi ya hayo, pale alumini inapogusana na chuma na kukawa na unyevu wa chumvi, alumini yenyewe huliwa ikawa unga mweupe. Gari lililokaa bara la Ulaya mahali pakavu laweza kufika hapa likiwa zima, na likikaa Nungwi au Jambiani mita chache kutoka baharini likaanza kufa mwaka wa kwanza tu.

Kwa hiyo ukiangalia picha za mnada, usiangalie rangi. Rangi naweza kukupulizia mimi ikang'ara. Taka picha za ncha za chesisi mbele na nyuma, sehemu springi zinaposhikia, miguu ya ule ukuta wa injini, na chini ya mazulia. Ukiona uvungu umepakwa lami nyeusi mpya kila mahali, uliza nini kilichopo chini yake. Taka pia picha ya namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, maana kibao huweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi jengine.

MCHANGIAJI KUTOKA WETE

Sheikh wangu, mimi sina gari, lakini ninayo Vespa ya baba yangu, ile ya kale, na vijana wananishauri niiuze kwa wageni mtandaoni. Je, uzi huu unatuhusu na sisi?

MWANZISHA UZI

Unakuhusu sana, ndugu yangu, na pengine zaidi ya wengine, kwa sababu visiwa vyetu vimezitunza Vespa muda mrefu na nje kuna watu wanaozitafuta kwa hamu.

Piaggio walisajili hataza ya Vespa mwezi wa Aprili 1946, na tangu mwanzo haikuwa na fremu ya mabomba kama pikipiki; bodi ya bati iliyokandamizwa ndiyo yenyewe chesisi. Kwa hiyo kutu ya sakafuni, pale miguu inapowekwa, si kasoro ya sura tu, ni ugonjwa wa mgongo wa chombo, na mnunuzi anayejua atakuuliza hapo kwanza. Swali lake la pili litakuwa namba. Kwenye Vespa za aina ya PX, namba ya bodi na namba ya injini zina mwanzo unaofanana isipokuwa herufi ya mwisho, T kwa bodi na M kwa injini. PX 150 kwa mfano ni VLX1T na VLX1M. Zikioana, thamani inapanda. Soko hili limeharibiwa na Vespa zilizokusanywa vipande vipande huko Asia, zikajazwa puti na kupakwa rangi za kupendeza, kiasi kwamba wanunuzi wa Ulaya sasa wanaiogopa rangi mpya. Ndiyo maana nakusihi usiipake rangi. Ioshe, iache na rangi yake ya asili hata kama imefifia, na uipige picha hivyo hivyo.

Na hapa niingie kwenye kuuza, kama nilivyoahidi.

Mwenye gari la zamani hapa kwetu mara nyingi anauza mara moja tu maishani mwake, na anayemjia amenunua mara nyingi. Mmoja anajua bei za duniani, mwengine anajua tu kwamba gari limemchukulia nafasi uani. Nimeshuhudia gari linalotambulika likiondoka kwa fedha isiyofika bei ya spea zake, na mwenyewe akishukuru. Linaniuma sana hilo, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika uzi huu. Kabla ya kumjibu mtu yeyote, fungua kurasa za minada, tafuta gari la aina na mwaka ule ule, usome matokeo ya mauzo kadhaa yaliyokamilika, na ujue kwamba bei wanayotaka watu kwenye matangazo si bei waliyoipata.

Magari ya ukanda wetu yana hadithi yenye uzito. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Peugeot 404 ikashinda mwaka 1963 kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Datsun 240Z ikachukua 1971 na 1973, na Peugeot 504 ikashinda 1975. Mpenzi wa magari aliyeko Lyon au Osaka anaposoma kwamba 404 hii imeishi Afrika Mashariki tangu ilipokuwa mpya, moyo wake husogea. Lakini hausogei kwa maneno matupu. Anataka risiti ya dukani, kadi ya gari ya mwanzo, picha ya familia imesimama mbele ya gari mwaka 1970 na kitu, daftari la fundi, hata kibandiko cha duka lililoliuza. Vitu hivyo vimo kwenye makabati ya bibi zetu, na kila mwaka vinatupwa wakati wa kusafisha nyumba. Vikusanyeni.

Maelezo yaandikwe kwa ukweli mkavu. Sema kipi kimebadilishwa, lini, na kwa nini. Piga picha ya kila kasoro, kwa karibu, mchana, kivulini, na uweke kitu cha kuonyesha ukubwa wake. Piga video ya injini ikiwashwa ikiwa baridi, mtu akishika bomba la moshi kabla ili ionekane kwamba halikupashwa moto. Muuzaji anayeonyesha matundu ya kutu kwa hiari yake huaminiwa anaposema kwamba gia boksi ni nzima. Dini yetu nayo haina utata hapa: kumficha mnunuzi aibu ya bidhaa kunaondoa baraka ya biashara.

MCHANGIAJI MWENGINE (Mjini Magharibi)

Maalim, naomba kuuliza. Gari ni la marehemu babu, kadi ina jina lake, watoto wake wako saba na wawili kati yao wapo Maskati. Mnunuzi yuko tayari. Tunaweza kuuza kwa kukubaliana kwa simu?

MWANZISHA UZI

Msiuze hivyo. Gari la marehemu ni sehemu ya mirathi, na kila mrithi ana fungu lake. Hapa Zanzibar mirathi ya Waislamu hushughulikiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na pakitokea mzozo kuna Mahkama ya Kadhi. Anzeni huko mpate karatasi inayoonyesha warithi na nani ameruhusiwa kuuza, wale wa Maskati watoe idhini yao kwa maandishi, kisha umiliki wa kadi urekebishwe. Mnunuzi wa nje akikuta jina la kwenye kadi si la muuzaji, na hakuna karatasi ya kuunganisha majina hayo mawili, ataondoka, au atashusha bei kwa hoja hiyo hiyo. Na hata akikubali, huenda akakwama kulisajili kwao, na hapo lawama itawarudia nyinyi.

WAKALA WA FORODHA (Malindi)

Naunga mkono yote, na ninaongeza machache ya bandarini.

Thamani inayotozwa ushuru hujumuisha bei, bima na nauli mpaka hapa, kwa hiyo ada ya mnada nayo ni sehemu ya hesabu. Hifadhini ankara zote. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa magari ya abiria umekuwa asilimia 25 ya thamani hiyo, na juu yake kuna kodi nyengine, ikiwamo ile ya uchakavu ambayo watu huisahau kabisa wanapoagiza gari la mwaka 1970. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, wana kikokotoo mtandaoni cha magari yaliyotumika, lakini gari la kale sana laweza lisionekane humo, na hapo makadirio hufanywa na maofisa. Ndiyo maana nasema: kabla ya dau, pelekeni barua forodhani na kwa Taasisi ya Viwango Zanzibar mkitaja aina, mwaka na namba ya chesisi, mkiuliza kama gari la umri huo linaruhusiwa, linahitaji ukaguzi gani kabla ya kupakiwa, na litatozwa nini. Jibu la mdomo la mtu aliyeko kazini leo halitakusaidia gari litakapofika miezi mitatu baadaye.

Kwenye usafiri, meli ya kuingiza magari kwa magurudumu huwa na bei rahisi zaidi, lakini gari lazima liwake na lisukumike, na vitu vidogo huibwa njiani: redio, vioo, nembo. Kontena la futi 40 lina urefu wa ndani wa takriban mita 12, na magari mawili madogo huingia, kwa hiyo watu wawili wakiungana hupunguziana gharama. Kwa gari lisilowaka, au lenye vipande adimu, napendelea kontena.

Jengine ni la wanaofikiria kuliuza gari Bara baadaye. Gari lililoingizwa Zanzibar likipelekwa Bara kwa matumizi ya huko linaweza kudaiwa tofauti ya kodi. Mnunuzi wa Dar es Salaam aelezwe hilo mapema.

MCHANGIAJI KUTOKA WETE

Nimeelewa, sheikh. Nimeitazama Vespa leo. Namba ya bodi inasomeka na inaanza VLX1T, lakini ya injini ina mafuta yaliyoganda na sikuiona. Na kadi ipo, ila imeliwa na mchwa pembeni, jina na namba vinasomeka. Nifanye nini kwanza?

MWANZISHA UZI

Kwanza kadi. Itie kwenye mfuko wa plastiki mkavu leo hii, uipige picha pande zote mbili, kisha nenda ukaulize utaratibu wa kupata nakala mpya huku ile ya zamani ukibaki nayo, kwa kuwa karatasi ya asili yenye mihuri ya wakati ule ni sehemu ya thamani ya chombo. Mafuta ya kwenye injini yatoe kwa dizeli kidogo na brashi laini, usitumie msasa wala brashi ya waya, kwa sababu namba iliyokwaruzwa humtia mnunuzi shaka kama iliyogongwa upya. Ikishaonekana, ipige picha ikiwa na mwanga wa ubavuni ili herufi zitoe kivuli, uiweke hapa, na fundi wetu wa bodi aitazame kabla hujamjibu yeyote kuhusu bei.